Mita ya Baba Redempta

Dorika alinunua friza ya pili mwezi wa kumi bila kumshauri mumewe, na hapo ndipo hesabu za Baltazar zilipoharibika.

Hesabu zenyewe zilikuwa za umeme. Tangu katikati ya mwaka ule wa 2024, shirika la umeme lilikuwa likitangaza redioni, kwenye simu, na kwa gari lenye vipaza sauti lililozunguka mitaa ya Babati, kwamba kila mwenye mita ya LUKU, ile ya kulipia umeme kwanza, aifanyie marekebisho kabla ya tarehe ishirini na nne Novemba. Kazi haikuwa kubwa. Ukinunua umeme, badala ya kuletewa fungu moja la namba unaletewa matatu. Unaingiza la kwanza kwenye mita, unaingiza la pili, halafu la tatu, lile lenye uniti zako. Ukishafanya hivyo mara moja, basi, unaendelea na maisha yako. Usipofanya, tarehe hiyo ikipita mita haitapokea tena umeme mpya. Sababu, walisema, ni kwamba mita za aina ile dunia nzima zinatumia hesabu moja ya dakika iliyoanza mwaka 1993, na nafasi ya kuandikia hesabu hiyo inajaa siku hiyo.

Watu wa mtaa wa Maisaka waliitikia. Waliokosea walirudia. Asiyeona vizuri alipeleka simu yake dukani kwa Halidi, aliyeuza umeme pamoja na unga na mafuta ya kula, na Tunu, mke wa Halidi, akamnakilia zile namba kwa maandishi makubwa nyuma ya boksi la majani ya chai.

Baltazar peke yake alikataa, na si kwa uvivu. Alikuwa mstaafu mrefu, mnyoofu, aliyepiga pasi mashati yake mwenyewe na kufagia uwanja kabla jua halijatoka. Alikataa kwa sababu ya imani.

"Tarehe haiwezi kuharibu mashine," alisema kila alipoulizwa. "Mashine haijui leo ni Jumatatu au ni Pasaka. Hao wanataka kugusa mita zetu ili ziwe zinakula umeme haraka."

Imani hiyo aliipata Arusha, na hadithi yake mtaa mzima uliijua. Mwaka 1999 alikuwa karani wa bohari katika kampuni moja ya pembejeo ambayo siku hizi haipo tena. Dunia nzima ilikuwa na hofu kwamba ikifika saa sita ya usiku wa kuingia mwaka 2000, kompyuta zitachanganyikiwa: ndege zitaanguka, benki zitafunga milango, mitambo itazima. Meneja akawaamuru yeye na wenzake wakeshe ofisini wakiwa na tochi, madumu ya maji na ndoo za mchanga. Baltazar alikuwa na ndoa ya miezi mitano. Nyumbani Dorika alikuwa amechinja jogoo na kualika shoga zake wamwone mume wake, na mume hakuonekana. Saa sita ikafika, ikapita. Hata taa haikupepesa. Asubuhi akarudi nyumbani kwa miguu, ndoo ya mchanga mkononi, na majirani waliokuwa wakitoka kusherehekea wakamcheka mpaka kona ya mwisho.

"Nilishaibiwa sikukuu moja," ndivyo alivyomaliza hadithi siku zote. "Siibiwi tena."

Kwa hiyo kabla zoezi halijafika mkoa wao wa Manyara alinunua umeme wa kutosha kumvusha mwaka, akaangalia mita ikionyesha uniti nyingi kuliko zilivyowahi kuwa, akaridhika. Alitaka tarehe ile ipite, watu wote waone, halafu aendelee kununua kama zamani.

Tarehe ikafika, siku ya Jumapili. Jioni Baltazar aliwasha taa zote, hata ya chooni na ile ya banda la kuku, akamwita Halidi aje uwanjani.

"Unaona nini, Baba Rahma?"

"Naona taa."

"Zimezima?"

"Baba Redempta, hawakusema taa zitazima," Halidi alijibu kwa upole. Alikuwa mtu mnene, mpole, asiyependa kumshinda mtu kwa maneno. "Walisema mita haitapokea umeme mwingine. Huo uliomo utautumia mpaka uishe."

"Aa! Ndivyo wanavyoanza kugeuza maneno," alisema Baltazar, akacheka, na Halidi naye akacheka kwa sababu kicheko cha jirani yake kilikuwa kizuri kukisikia.

Sasa ile friza ya pili. Rahma, binti wa Halidi na Tunu, alikuwa anaolewa Jumamosi ya katikati ya Desemba, na Tunu alimpa Dorika kazi ya samaki. Dorika alikuwa muuza samaki, na ndiye aliyekuwa akiwakaanga vizuri kuliko wote pale sokoni. Watu walishuka kwenye mabasi wakamuulizia kwa jina. Lakini samaki wa ziwa la Babati huwezi kuwaagiza kama soda. Kuna siku wavuvi wanapata, kuna siku wanarudi na mtumbwi mtupu. Ilibidi awakusanye kidogo kidogo, perege na kambale, wiki baada ya wiki. Friza moja isingetosha, akanunua nyingine, akaiweka sebuleni karibu na makochi na kuifunika kitambaa cha kufuma. Baltazar aliiona kuwa nzuri. Hakuwaza kwamba friza nayo inakula.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya harusi, Dorika alikwenda sokoni kutafuta ndimu. Baltazar alikuwa akinywa chai na kusikiliza taarifa ya habari. Redio ikanyamaza katikati ya sentensi. Halafu friza mbili zikatoa mguno, moja baada ya nyingine, zikanyamaza nazo.

Alitoka nje akasikiliza. Kwa Halidi blenda ilikuwa inasaga. Kwa fundi wa mageti upande wa pili wa barabara cheche zilikuwa zinaruka. Akaenda kwenye mita, akavaa miwani. Sifuri.

Hakushtuka. Alinunua umeme kwa simu, na ujumbe ukaja, mrefu, wenye mafungu matatu ya namba. Mafungu mawili ya kwanza aliyaruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Akaingiza la tatu, lenye uniti. Mita ikakataa. Akadhani amekosea namba, akarudia taratibu huku akizitamka kwa sauti. Ikakataa. Akarudia tena, na tena, akibonyeza kwa nguvu zaidi kila mara, mpaka mita ikafika mahali ikawa haitaki hata kubonyezwa.

Aliingia ndani, akachukua mablanketi ya kitandani na kuzifunika friza zote mbili, kisha akakaa katikati yake akiwa ameweka mkono mmoja huku na mwingine kule.

Dorika alimkuta hivyo hivyo.

"Umeme umekatika?"

"Haujakatika."

"Mbona kimya?"

"Mita inapumzika."

Dorika aliweka kapu la ndimu chini polepole. "Inapumzika kwa sababu gani?"

"Nimeibonyeza sana."

"Baltazar," alisema Dorika. Miaka yote tangu mtoto wao Redempta azaliwe alimwita Baba Redempta, na jina lake lenyewe alilitumia mara chache kiasi kwamba mwenyewe alisimama wima kama mwanafunzi. "Baltazar, humu ndani kuna samaki wa harusi ya mtoto wa watu. Watu wanatoka Kondoa, wanatoka Singida. Kesho saa saba wanakaa kwenye mkeka, wanasubiri sahani. Niwape nini? Niwape hadithi ya Arusha?"

Baltazar alinyoosha blanketi la juu ya friza.

"Leta ujumbe niuone."

Alimpa simu. Dorika akasoma, akainua macho. "Hapa kuna mafungu matatu. Umeingiza yote?"

"Hayo mawili ndiyo ya kuharibu mita."

Dorika alimtazama, akatazama mablanketi yake mazuri ya maua yakiwa juu ya samaki, na ghafla akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Hakuwa amemsamehe; ila mtu aliyekaa katikati ya friza mbili kama anayelinda wagonjwa anachekesha, utafanyaje. Alipomaliza akajipangusa macho kwa ncha ya kanga, akatoka kwenda kwa Tunu.

Nyumba ya Halidi ilikuwa imejaa. Wanawake wa upande wa Kondoa walikuwa wamefika tangu jana, wanachambua mchele, wanakatakata vitunguu, wanabishana kuhusu nazi. Halidi alikuwa anajiandaa kwenda msikitini kwa sala ya Ijumaa. Tunu alisikiliza maelezo ya Dorika yote mpaka mwisho, halafu akapiga makofi mara moja.

"Friza moja ije dukani, tutachomoa friji ya soda. Waliomo kwenye friza ya pili tuwakaange leo hii, kesho tutawapasha kwenye mchuzi. Mikono si hii hapa imejaa?"

Kwa hiyo watu wa Maisaka waliona siku ile jambo ambalo hawakuwa wamewahi kuliona. Guta la magurudumu matatu lilitoka taratibu nyumbani kwa Baltazar likiwa limebeba friza, na nyuma yake Baltazar mwenyewe katika shati lililopigwa pasi, akitembea kwa hatua za msiba, mkono wake ukiwa juu ya mfuniko usije ukafunguka kwenye mashimo.

"Mnahama, mzee?" mwanamke mmoja alimuuliza kutoka dirishani.

"Tunabadilisha hewa," Baltazar alijibu bila kugeuka.

Friji ya soda ikachomolewa, friza ikachomekwa, ikaguna, ikaanza kufanya kazi. Siku nzima wateja wa Halidi walikunywa soda za moto, na Tunu akawaambia kwamba hizo ni nzuri kwa kifua.

Samaki wa friza ya pili walipelekwa kwa madishi mpaka uwanja wa nyuma ya duka. Wanawake wakakaa kwenye vigoda, visu mkononi. Baltazar hakujua aende wapi. Nyumbani palikuwa kimya, na hapa alikuwa mkosaji. Akachukua kisu naye, akakaa pembeni kwenye kreti la soda, akaanza kuparua magamba. Alikuwa hodari wa kazi hiyo kwa kuwa alimsaidia mkewe kila siku, na baada ya muda shangazi mmoja wa Rahma kutoka Kondoa, Mariamu, mwanamke mkavu mwenye macho makali, akamsogelea na dishi lake.

"Kaka, samahani nikuulize. Wenzio wote walibadilisha. Wewe kwa nini hukubadilisha?"

Tunu alikohoa. Dorika akaangalia juu. Lakini Baltazar hakuwa na la kupoteza tena, na huyu alikuwa mgeni ambaye hakuwahi kuisikia. Akaanza: kampuni ya pembejeo, hofu, tochi, ndoo za mchanga, jogoo aliyechinjwa. Aliisimulia vizuri kama siku zote. Alipofika kwenye majirani waliomcheka, wanawake wa Kondoa wakacheka nao.

"Nilishaibiwa sikukuu moja," alimalizia. "Siibiwi tena."

Watu wa mtaani, hadithi ikifika hapo, huwa wanatingisha kichwa na kurudi kwenye kazi zao. Mariamu hakutingisha kichwa.

"Na kabla ya usiku huo? Mlikaa tu mkisubiri?"

"Kukaa?" Baltazar aliona kama ametukanwa. "Thubutu! Tulifanya kazi kama punda tangu mwezi wa tisa. Mimi na fundi mmoja anaitwa Melkiadi. Zile kompyuta zilikuwa zinaandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, tisini na tisa. Sasa ukija mwaka wa sifuri sifuri, kompyuta haijui ni elfu mbili au ni elfu moja mia tisa. Tukazipitia zote, moja baada ya nyingine. Melkiadi anabadilisha, mimi nasoma tarehe za kila mzigo kuhakikisha hazijaharibika. Mbegu, mbolea, dawa za mimea, kila kitu."

"Ni kweli," alisema Dorika. "Alikuwa anasinzia kwenye sahani. Nilijua nimeolewa na mgonjwa."

"Mkazimaliza zote?" Mariamu aliuliza.

"Zote. Isipokuwa ile ya stoo ya nyuma." Baltazar alianza kutabasamu. "Hiyo ilikuwa kichekesho. Tuliisahau. Tumerudi kazini baada ya sikukuu, wakulima wamejaa mlangoni wanataka mbegu, karani anafungua kompyuta, inaandika mwaka 1900! Ikagoma kabisa kutoa mbegu. Inasema hizi mbegu zimepakiwa mwaka 1999, kwa hiyo bado hazijatengenezwa! Magunia yako pale, unayashika kwa mkono, mashine inasema hayapo. Mzee mmoja wa Monduli akaniuliza, kijana, nirudi lini? Nikamwambia, rudi baada ya miaka tisini na tisa."

Uwanja mzima ulicheka. Hata Dorika alicheka. Kipande hiki cha hadithi hakuwahi kukisikia. Mariamu naye alitabasamu, lakini kidogo, huku akiendelea na samaki wake.

"Hiyo ambayo hamkuigusa ikagoma."

"Ikagoma, wiki nzima."

"Na zile mlizozigusa?"

"Zile zilifanya kazi vizuri tu, kama ka..."

Baltazar aliacha neno likiwa nusu. Kisu chake kilisimama mgongoni mwa perege.

Mafuta yalikuwa yanachemka kwenye karai, na kwa mbali msikitini hotuba ilikuwa inaendelea kwenye kipaza sauti. Baltazar aliangalia samaki aliye mkononi kana kwamba ndiye aliyemuuliza swali. Miaka ishirini na tano alikuwa akisimulia usiku ule, kanisani, sokoni, kwenye misiba, kwenye mabasi, na siku zote alianzia saa sita ya usiku. Hakuwahi hata mara moja kuanzia mwezi wa tisa.

Ni Dorika aliyesema, na alisema taratibu, kwa sababu kwake pia lilikuwa jambo jipya. Kwa sikukuu ile isiyo na mume, na jogoo aliyepoa mezani, alikuwa amempa mumewe lawama kwa miaka mingi, nusu kwa utani na nusu kweli.

"Kumbe hawakuwadanganya," alisema. "Kumbe mlishinda."

Baltazar alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, na miwani ikawa na magamba mengi ya samaki kuliko mwanzo.

"Hakuna aliyetuambia," alisema. "Meneja hata asante hakusema. Aliuliza tu nani atalipa ule mchanga."

Hapo wanawake wakacheka tena, na kicheko hicho kilimsaidia. Akainuka, akanawa mikono.

"Mama Redempta, twende nyumbani ukanisomee namba."

"Nendeni sasa hivi," alisema Tunu, "kabla hajapata mawazo mengine."

Mita ilikuwa imeshapumzika vya kutosha. Dorika alishika simu, Baltazar akasimama mbele ya mita kama mtu anayepigwa picha. Mkewe alisoma fungu la kwanza polepole, akisimama kila baada ya namba nne, naye akabonyeza kwa ncha ya kidole, kwa adabu.

"Imesemaje?"

"Imekubali."

Fungu la pili nalo likakubali. La tatu lilipoingia, uniti zikatokea, na papo hapo ndani ya nyumba mtangazaji wa redio akaanza kusema habari za bei ya mahindi kana kwamba hakuwahi kunyamaza.

"Basi?" Baltazar aliuliza. "Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

"Miezi yote hii?"

"Miezi yote hii, mume wangu."

Alipangusa vumbi juu ya mita. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayedai haki yake: "Ila hata leo inabidi mtu afanye kazi. Haijirekebishi yenyewe."

Dorika alimpiga kidogo begani kwa simu na wakarudi kuparua samaki.

Harusi ilikwenda vizuri. Samaki walitosha na kubaki. Wageni wa Singida waliondoka na vifurushi vya magazeti vinavyochuruzika mafuta. Baltazar alikaa mkekani karibu na Halidi, na mara mbili alimsikia Mariamu akiwasimulia watu hadithi ya magunia ambayo hayajatengenezwa. Hakukasirika. Mara ya pili alimrekebisha jina la mahali alikotoka yule mzee.

Jumapili baada ya ibada alitafuta namba ya Melkiadi. Ilimchukua simu kadhaa, kwa binamu wa mtu na kwa katekista wa zamani, mpaka sauti nzito ikaitikia kutoka Karatu, na nyuma yake ng'ombe analia.

"Melkiadi! Ni Baltazar wa bohari."

"Wa ndoo ya mchanga?" Melkiadi alipaza sauti. "Bado upo, ndugu yangu?"

Waliulizana habari za watoto, za magoti, za mvua. Halafu Baltazar akasema alilotaka kusema.

"Nilikuwa nafikiri tulidanganywa usiku ule."

"Kivipi?"

"Kwa sababu hakikutokea kitu."

Upande wa pili Melkiadi akaanza kucheka. "Ndugu yangu, ulifikiri kwa nini nilikuwa nacheza juu ya meza? Wewe ulinuna pale kwenye kona, mimi nikadhani umemkumbuka mkeo."

"Nilimkumbuka pia."

"Sikia, kuna nyingine. Mwaka 2038. Kuna kompyuta zinahesabu sekunde tangu 1970, nazo nafasi zao zitajaa mwezi wa kwanza. Wameshaanza kuzirekebisha, lakini zipo zilizojificha, kwenye mashine ambazo watu wamesahau kwamba ndani yake kuna kompyuta. Daima kuna stoo ya nyuma."

"Mungu akitupa uzima, tuanze mapema," alisema Baltazar.

"Wewe anza. Mimi nina ng'ombe wa kukamua."

Alipokata simu Baltazar alijisikia mwepesi, akataka kumwambia mtu, na alipofikiria amwambie nani, wa kwanza kumjia alikuwa Paskasi wa kijiji cha Mutuka. Hapo wepesi wote ukamtoka. Paskasi alikuwa rafiki yake wa tangu ujana, mkulima wa alizeti, na mwezi wa nane, wakiwa nje ya kanisa, Baltazar alikuwa amemshika bega na kumwambia asiguse mita yake kwa namna yoyote ile.

Alichukua bodaboda saa hiyo hiyo.

Mutuka aliwakuta Paskasi na mkewe Scholastica wamekaa nje ya nyumba wakipukuchua mahindi. Waliinuka kumpokea kwa furaha, wakamletea kiti. Ndani kulikuwa na giza, na juu ya bati kulikuwa na taa ndogo ya sola ikiota jua.

"Umeme mnao?" Baltazar aliuliza, hata kabla ya kukaa.

Mume na mke walitazamana.

"Ulikwisha wiki iliyopita," alisema Paskasi. "Tukanunua mwingine, mita ikakataa."

"Sasa mbona hamkunipigia?"

Paskasi alijikuna shingo. "Nilisema Baltazar amefanya kazi na kompyuta, anajua. Kama ametuambia tusiguse, basi ana sababu. Tutasubiri atuambie kinachofuata."

"Mimi nilitaka kupiga," alisema Scholastica. "Akanikataza. Akasema utaona aibu."

"Aibu ninayo," alisema Baltazar. "Lete simu."

Ujumbe ulikuwepo, mafungu yote matatu. Paskasi alisoma, na Baltazar, miwani puani, akabonyeza, akieleza kila hatua kwa sauti ya mtu aliyezaliwa akiingiza namba kwenye mita. La kwanza. La pili. La tatu lilipokubali, sabufa ya Paskasi, spika lake kubwa la muziki, iliyozimika wiki nzima ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho, ikalipuka na kwaya ya sauti zote nne. Kuku waliokuwa wamelala chini ya meza wakatoka mlangoni kwa mpigo mmoja, wakapita juu ya mahindi na kati ya miguu ya Baltazar.

"Punguza!" Scholastica alipiga kelele.

"Kitufe kiko wapi?" Paskasi naye alipiga kelele kutoka ndani.

Ilipopungua, walikuwa wote watatu wamesimama uwanjani wakicheka, na Baltazar alikuwa na unyoya kwenye kola ya shati lake.

"Paskasi, kumbuka vizuri. Siku ile nje ya kanisa, nilimwambia nani mwingine?"

Paskasi alihesabu kwa vidole, kimoja, viwili, akaendelea.

"Mwalimu wa Sigino. Yule mzee wa nyuki. Yule mama anayeuza vitenge. Na shemasi, naye yuko huko huko Sigino."

"Hata shemasi?"

"Shemasi ndiye aliyewaambia wengine."

Baltazar alishusha pumzi. Akamwangalia dereva wa bodaboda, aliyekuwa ameegemea pikipiki yake akila muhindi wa kuchoma aliopewa na Scholastica.

"Kijana, unaijua Sigino?"

"Naijua, mzee."

"Maliza kula, twende. Tunaanza na shemasi."